Mahali Pakifa

Mtu akifa tunajua la kufanya: turubai linafungwa, chai inachemshwa, watu wanakaa matanga. Mahali pakifa hatuna utaratibu, ndiyo maana Wamarekani hawajui wazilie vipi daina zao, ile migahawa myembamba kama behewa.

Asili yake ni Providence, mwaka 1872, ambako Walter Scott aliegesha gari la farasi nje ya ofisi za gazeti, akawauzia chakula wafanyakazi wa usiku. Baadaye kampuni ya Worcester Lunch Car ikaunda daina zaidi ya 600, kati ya 1906 na 1957. Kila moja ilitoka kiwandani ikiwa kamili, na kaunta ndefu, stuli zilizokazwa sakafuni, na jiko la mpishi kukaangia mayai hatua mbili kutoka kwa mteja.

Kilichojengwa ili kisafirishwe ni rahisi kukiokoa. Daina ya Lamy's, iliyofunguliwa mwaka 1946 huko Marlborough, mji wa viwanda vya viatu, leo imo ndani ya makumbusho ya Henry Ford, Michigan, na chakula bado kinauzwa. Stuli zipo, kahawa ipo. Hayupo mteja wa kila alfajiri, yule ambaye mpishi akimwona tu mlangoni anavunja mayai mawili bila kuuliza. Mazoea ya namna hiyo hayapakiki kwenye lori. Yalikufa viwanda vilipofungwa, barabara kuu zikaikwepa miji midogo, na chakula cha haraka kikawazoesha watu kununua na kuondoka.

Hata hivyo, si kila mtu amefiwa. Mwaka 1961 Adam Malick Sow, balozi wa Chad, alikuwa safarini kwenda Washington. Akaingia kwenye daina kando ya Route 40, Maryland, akaomba kahawa, akanyimwa kwa sababu ya rangi yake. Kisa kikafika hadi kwa Rais Kennedy.

Kwa hiyo anayesema daina ilimkalisha dereva wa lori bega kwa bega na mwenye benki, asema kweli, lakini ataje pia aliyeambiwa atoke. Uchungu wa kupoteza kiti unaeleweka. Aliyenyimwa kiti hicho hawezi kudaiwa machozi. Yeye ndiye anayedai.