Unampigia Nani Honi?

Wahenga walituachia methali isemayo: la mgambo likilia, lina jambo. Kilichokuwa kikilia ni baragumu, pembe ya mnyama iliyopulizwa ili kuwakusanya watu wa mji. Ukiitazama vizuri methali hiyo, utaona kwamba haisifu ukubwa wa sauti. Inasifu jambo lililomo ndani yake. Watu waliacha majembe wakakimbilia uwanjani kwa sababu walijua kwamba pembe ile haipulizwi ovyo, na kwamba mpulizaji amepewa idhini na wenzake.

Leo nakualika tuitafakari pembe ya zama zetu, yaani honi ya gari. Siku hizi hapa Mutaho baadhi ya wenye pikapu huona kwamba honi iliyokuja na gari haitoshi, nao hununua honi za upepo na kuzifunga mbele ya injini. Jambo hili laonekana kuwa la fundi na mwenye gari peke yao. Mimi naliona kuwa somo la uraia, na pia somo la sarufi, kama utakavyoona.

Kwanza tujue chombo chenyewe. Honi ya kawaida ni kisahani chembamba cha chuma kinachotikiswa na sumaku ya umeme. Honi ya upepo hufanya kazi kwa njia nyingine: hewa iliyoshindiliwa husukumwa ikatikisa utando mdogo, na mtikisiko huo hukuzwa na tarumbeta. Kadiri tarumbeta inavyokuwa ndefu, ndivyo sauti inavyokuwa nzito. Kwa hiyo mara nyingi hufungwa mbili za urefu tofauti ili zilie kwa pamoja. Lori kubwa lina matangi ya hewa kwa ajili ya breki zake, na honi huchota humo humo. Pikapu haina matangi hayo. Hivyo huwekewa kompresa ndogo inayoendeshwa na betri ya volti 12. Kompresa hiyo hunywa umeme mwingi kuliko honi ya awali, na nyaya nyembamba za kitufe cha usukani haziwezi kuubeba. Fundi mwangalifu huweka rilei, ambayo ni swichi inayoamrishwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, pamoja na fyuzi yake karibu na betri. Asiyeweka vitu hivyo huhatarisha nyaya kuungua.

Nayajua haya kwa sababu jirani yangu mmoja, dereva wa pikapu anayesafirisha maharage na ndizi kwenda Gitega, aliniletea karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya boksi la honi zake. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. “Mwalimu,” aliniambia kwa heshima, “nisomee hapa, fundi asije akaniunguzia gari.” Nilimsomea, kisha nikamwuliza kwa nini anataka sauti kubwa zaidi. Jibu lake halikuwa la majivuno. Alisema kwamba asubuhi za ukungu, kwenye kona za vilima vyetu, waendesha baiskeli huteremka kwa kasi wakiwa wamebeba mizigo mizito, na wengine hupanda wakiwa wameshikilia malori kwa nyuma. “Ile honi ndogo hawaisikii, Mwalimu. Siku moja nitamwua mtu.”

Hoja hiyo ni nzito, wala haifai kudharauliwa. Tuipime basi kwa hesabu. Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki hakipandi kama kilo au mita. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huzidi mara 10, ingawa sikio la mwanadamu huihisi kuwa imezidi takriban mara mbili. Mahali palipo wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kwa hiyo honi iliyozidi nyingine kwa desibeli 10 huweza kusikika kwa kiwango kile kile kutoka umbali unaokaribia mara tatu. Jirani yangu alikuwa na haki ya kuamini kwamba atasikika mbali zaidi.

Lakini ipo hesabu ya pili, nayo haikuandikwa kwenye ile karatasi. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 katika kila sekunde moja. Dereva anayeshtuka na kuchukua sekunde moja kabla ya kukanyaga breki amekwisha kuzila mita hizo 17, na gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Akiwa na mwendo wa kilomita 30, atakuwa amekula mita 8 tu na kidogo. Tena umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huwa robo ya ule wa awali, kwa kuwa nguvu ya mwendo huzidi kwa kipeo cha pili cha kasi. Anayepunguza mwendo kwenye kona hujisaidia yeye na humsaidia yule asiyesikia kabisa: kiziwi, mtoto aliyezama katika mchezo, mzee ambaye masikio yake yamechoka. Honi haiwezi kuwafikia watu hao hata ingelia kwa nguvu namna gani.

Honi zikafungwa, na fundi akaweka rilei na fyuzi kama ilivyoelezwa. Kitu kilichofuata kilitokea siku ya soko, mahali ambapo barabara imenyooka na hakuna ukungu. Kijana mmoja alikuwa akisukuma baiskeli yenye madumu manne ya pombe ya ndizi, akifuata ukingo wa barabara kama ipasavyo. Pikapu ilifika nyuma yake, na honi zikalia kwa mkupuo mmoja mrefu. Kijana aliruka, baiskeli ikamwangukia, madumu mawili yakapasuka. Alichubuka mkono na goti, na tunashukuru kwamba hakuangukia upande wa lami. Pombe ile ilikuwa jasho la familia yake, na sehemu ya pesa zake ilikusudiwa madaftari ya wadogo zake.

Shauri lilipelekwa kwa Bashingantahe wa kilima. Msomaji usiyeijua Burundi, Bashingantahe ni wazee wa busara wanaoheshimiwa na jirani zao, ambao tangu enzi za wafalme husikiliza magomvi na kupatanisha watu. Nilikuwepo miongoni mwa wasikilizaji. Dereva alijitetea kwamba hakumgusa kijana, wala gari halikukaribia baiskeli. Alipiga honi tu, na kupiga honi si kosa. Ndipo mzee mmoja akamwuliza kwa Kirundi swali ambalo kwa Kiswahili naliweka hivi: “Ulikuwa unampigia nani, na ulitaka afanye nini?”

Dereva alikaa kimya. Kijana alikuwa tayari pembeni. Barabara ilikuwa wazi. Hapakuwa na jambo lolote ambalo kijana angelifanya baada ya kuisikia honi ile ambalo hakuwa amelifanya kabla ya kuisikia.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Mwanafunzi wangu, linganisha vitenzi hivi viwili: kupiga honi na kumpigia mtu honi. Cha kwanza kinataja tendo na chombo. Cha pili kimepokea kiambishi cha kutendea, nacho hakikamiliki mpaka umtaje mtu anayelengwa. Kiswahili kina utajiri huu katika vitenzi vingi: kuimba na kumwimbia, kusema na kumsemea, kulia na kumlilia. Kauli ya kutendea hutulazimisha kujibu swali la mzee yule: kwa ajili ya nani? Anayepiga honi bila kumpigia mtu amefanya kelele. Anayempigia mtu honi amesema neno, na neno huwa na msemaji, msikilizaji na maana.

Sheria za barabarani nazo hufuata mantiki hiyo hiyo. Mkataba wa kimataifa kuhusu usafiri wa barabarani, uliotiwa saini Vienna tarehe 8 Novemba 1968, unaruhusu honi kwa shabaha mbili tu: kutoa onyo linalofaa ili kuepusha ajali, na, nje ya maeneo yenye makazi, kumjulisha dereva wa mbele kwamba unataka kumpita. Unaongeza kwamba mlio usiendelee kuliko inavyohitajika. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo ziliitazama honi kwa jicho hilo hilo. Kiufundi pia kuna mipaka: kanuni namba 28 ya Umoja wa Mataifa kuhusu honi za magari huitaka honi iliyofungwa garini, ikipimwa umbali wa mita 7, isipungue kiwango fulani wala isizidi desibeli 112. Tazama kwamba kuna kiwango cha chini pia. Sheria haitaki magari yawe bubu. Inataka yasikike bila kuumiza.

Na kuumiza si neno la kutia chumvi. Wataalamu wa afya ya kazi hushauri kwamba mtu asikae kwenye sauti ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwamba kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo ukatwe nusu. Fanya hesabu mwenyewe: ukifika desibeli 100 unabakiwa na dakika 15, na ukifika 112 muda haufiki dakika moja. Mwenye pikapu amekaa nyuma ya kioo na tarumbeta zinaelekea mbele. Muuza nyanya wa kando ya barabara hana kioo, naye hukaa pale tangu asubuhi hadi jioni.

Watu wa kale wa pande zetu hawakuwa maadui wa sauti kubwa. Waswahili wa Pate na Lamu walikuwa na siwa, pembe kubwa za pembe ya ndovu na za shaba, zilizopulizwa katika sherehe kuu za mji. Sisi Warundi tuna ngoma za kifalme, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Huko Gishora, karibu na Gitega, zimetunzwa hadi leo. Ngoma hizo husikika vilima vitatu mbali, na hakuna aliyezilalamikia. Siwa haikuwa ya mtu mmoja kuipuliza apendapo, wala ngoma ya mfalme haikupigwa kwa sababu mpigaji amechoka kusubiri. Sauti iliyozidi sauti ya mtu binafsi ilikuwa mali ya jamii, ikatumiwa kwa idhini ya jamii.

Bashingantahe waliamua kwamba dereva alipe madumu mawili na pombe iliyomwagika, na kwamba wawili hao wakae pamoja wapatane, kama ilivyo desturi yetu. Hawakumwamuru azing'oe honi zake, kwa maana ukungu wa kona zetu bado upo na hoja yake ya mwanzo ilibaki kuwa ya kweli. Dereva mwenyewe alirudi kwa fundi. Sasa kitufe cha usukani huliza honi ndogo ya awali, na zile za upepo zina swichi yake peke yake, mbali kidogo na mkono, ambayo lazima aitafute kwa kidole kabla ya kuibonyeza. Aliniambia kwamba kule kuitafuta tu humpa nafasi ya kufikiri. Kwenye kona za ukungu huliza mara moja, kwa ufupi, akiwa amekwisha kupunguza mwendo. Sokoni na karibu na shule hutumia ile ndogo, na mara nyingi hata hiyo haitumii.

Wewe unayejifunza Kiswahili huenda huna pikapu. Una simu yenye spika, una kipaza sauti cha kanisani, msikitini au cha harusi, una ukurasa wa mtandaoni, una hata sauti yako darasani. Kila mara unapotaka kuiongeza, liulize swali la mzee wa kilima kwa kauli ya kutendea. Wiki hii, kama zoezi, simama kando ya barabara ya kwenu kwa robo saa, mahali salama, uandike kila honi unayoisikia: ilipigwa na gari gani, ilipigiwa nani, na yule aliyepigiwa alifanya nini. Andika sentensi kamili, ukitumia kitenzi pigia katika wakati uliopita. Ukikuta honi ambayo sentensi yake haikamiliki kwa kukosa mtendewa, iache hivyo hivyo, kisha uwasomee wenzako darasani.