Mita 60 za Mto Morogoro

Nilipoanza kufundisha biolojia Morogoro, kutunza vyanzo vya maji ilikuwa kazi ya maofisa. Gari lilifika, bango likasimikwa, gari likaondoka. Wiki haijaisha, bango limeshakuwa kuni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ni sheria nzuri. Lakini kwa mama mwenye matuta ya mchicha na matembele pale ukingoni, mita 60 ndilo shamba lote.

Wazee wa Uluguru walishayaona hayo. Miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955, kule Matombo, hasira zikalipuka. Hakuna mkulima anayefurahia udongo wake kuteremka hadi Ngerengere na Ruvu. Walichokataa ni kuswagwa.

Mambo yalianza kugeuka siku nilipowapeleka wanafunzi mtoni na chujio la chai, beseni jeupe na chupa tupu. Juu, karibu na msitu, kila jiwe walilogeuza lilikuwa na vidudu vyenye mikia mitatu myembamba, ambavyo havivumilii maji machafu. Chini, mashambani, tulipata minyoo myekundu. Chupa ya juu ungeweza kusoma gazeti ukiiweka mbele yake. Ya chini ilikuwa chai ya maziwa.

“Wajukuu zangu, haya ndiyo tunayochota?” bibi mmoja aliyekuwa akimwagilia akauliza.

“Ndiyo, bibi,” mjukuu wake wa damu akajibu taratibu. “Na udongo huu ni wa shambani kwetu.”

Masika yaliyofuata bibi alipanda mabingobingo ukingoni, akarudisha matuta yake nyuma. Hakufika mita 60. Ila majani yakashika udongo, mbuzi wake wakala, na majirani wakaja kuomba vipando.

Ndiyo maana hunisikitisha wanafunzi wanapoitwa kupanda miti tarehe 5 Juni tu, Siku ya Mazingira. Wakati huo kwetu masika yamekwisha. Miche hukauka mbele ya macho yao.

Siku hizi kikao cha watumia maji huanza na wanafunzi kusoma walichokiona mtoni. Kikao kilichopita walibishania mikaratusi iliyozunguka chemchemi. Mwenye miti alikuwepo. Amekubali kuikata ile ya karibu kabisa, apande mikuyu mvua zikianza.