Samaki Asiyeganda Katika Bahari ya Barafu

Ukijaliwa kufika McMurdo, ghuba iliyo kusini kabisa mwa dunia katika bara la Antaktika, utaikuta bahari imefunikwa na barafu nene inayoweza kubeba lori. Watafiti wa Marekani wenye kituo hapo hutoboa shimo, husimamisha kibanda juu yake, kisha hushusha ndoana. Na samaki wanashika!

Hilo si jambo dogo, ndugu msomaji. Maji hayo yana baridi ya nyuzi 1.9 chini ya sifuri, na ni chumvi tu inayoyazuia kuganda. Damu ya samaki wa kawaida haina chumvi nyingi kiasi hicho. Huganda kabla hata ya kufika nyuzi moja chini ya sifuri. Samaki wa bahari ya joto ukimtia humo, muda si muda atakuwa mkavu kama aliyetolewa kwenye friji.

Arthur DeVries, Mmarekani, ndiye aliyekitegua kitendawili hiki katika miaka ya 1960, hapo hapo McMurdo. Aligundua kwamba damu ya samaki hao ina protini ya pekee. Chembe ya barafu ikiingia mwilini, protini hiyo huing'ang'ania isikue. Yaani samaki anaogelea na vipande vidogo vya barafu ndani yake, wala havimdhuru! Mwaka 1997 ilibainika kuwa jeni ya protini hiyo ilichipuka kutokana na jeni ya kimeng'enya cha kongosho kinachosaidia kusaga chakula.

Lakini kuna jamaa zao wa ajabu zaidi. Wawindaji nyangumi wa Norwei katika kisiwa cha South Georgia walizoea kusimulia habari za samaki asiye na damu. Mwenzao msomi, Johan Ruud, aliposikia mara ya kwanza hakuamini. Mwaka 1954 yeye mwenyewe alithibitisha: damu ipo, ila haina himoglobini inayoitia wekundu na kubeba oksijeni. Ukiitia katika gilasi utadhani ni maji.

Anaishije basi? Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya joto. Tena moyo wake ni mkubwa, mishipa ni mipana na damu ni tele. Wapo wataalamu wasemao kwamba hiyo ni ajali tu ya maumbile iliyovumilika kwa sababu ya baridi. Naona wana hoja, maana kuisukuma damu yote hiyo kunamla nguvu.

Usimdhanie mnyonge, hata hivyo. Mwezi wa Februari 2021 meli ya Ujerumani, Polarstern, ilipitisha kamera chini ya barafu katika Bahari ya Weddell, upande mwingine wa bara hilo. Ilikuta viota vya samaki hao, vinavyokadiriwa kuwa milioni 60, katika eneo la kilomita mraba 240. Katika viota vingi alikuwamo samaki mmoja akilinda mayai.

Hofu ni kwamba bahari ikipata joto oksijeni hupungua, na jeni zake za himoglobini zilikwisha kupotea zamani. Samaki wa bahari nyingine huweza kuhama wakafuata baridi. Huyu kusini kwake hakuna bahari tena, ni bara tupu la barafu.