Daftari la Majibu Yasiyolingana

Jumamosi, 6 Julai 2024

Zamu ya usiku. Mnamo saa nane muuguzi wa wodi ya watoto alileta damu ya mtoto wa miaka minne, ana homa tangu juzi na kila anachokunywa anakitapika. Kipimo cha haraka kilishafanyika mapokezi: mstari mmoja, hana malaria. Daktari wa zamu hakuridhika, akaomba slaidi.

Niliweka tone nene na tone jembamba kwenye kioo kimoja, nikaacha yakauke, nikakaza tone jembamba kwa methanoli, kisha nikamwagia Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10. Huwa siharakishi hapo hata mlango ukigongwa. Chini ya lenzi ya mafuta vimelea vilijaa tangu pale pa kwanza nilipoangalia: vipete vyembamba vya buluu, kila kimoja na nukta yake nyekundu. Nilihesabu vimelea 90 katika seli nyeupe 200. Kwa kanuni yetu ya seli nyeupe 8,000 katika kila maikrolita ya damu, hiyo ni 3,600. Kipimo cha haraka kinatakiwa kuonyesha mstari wa pili hata vimelea vikiwa 200 tu.

Nikachukua kipimo kingine, cha boksi jingine na toleo jingine. Hasi tena. Nilimpigia daktari, mtoto akaanzishiwa sindano ya artesunate kabla hakujapambazuka. Asubuhi nilipita wodini kabla ya kwenda nyumbani, nikamkuta amelala na mama yake anamfuta jasho. Nilifurahi, lakini swali nimerudi nalo nyumbani na usingizi haukuja: kwa nini kipimo hakikuona?

Jumatano, 10 Julai

Nimekaa na Mzee, mkuu wetu wa maabara. Tumepitia sababu moja moja. Je, vipimo vilikaa kwenye joto? Stoo ina kipimajoto, na maboksi hayo hayo yametoa majibu chanya kwa wagonjwa wengine wiki nzima. Je, ni jamii nyingine ya kimelea? Tone jembamba linasema Plasmodium falciparum. Je, vimelea ni vingi mno hadi kipimo kikazidiwa? Kwa 3,600, hapana.

Ikabaki ile ambayo sisi hatuwezi kuithibitisha. Vipimo hivi vinatafuta protini moja ya falciparum iitwayo HRP2. Wapo vimelea waliopoteza jeni ya kutengeneza protini hiyo. Wanaleta ugonjwa, wanaua, lakini kipimo hakiwaoni. Waligunduliwa kwanza Amazoni ya Peru, taarifa ikatoka 2010, na baadaye Eritrea ililazimika kubadilisha vipimo kwa sababu yao. Shirika la Afya Duniani linasema nchi ibadilishe vipimo pale wagonjwa wanaokosewa kwa sababu hii wanapozidi asilimia 5. Hapa kwetu Tanzania tafiti zinaonyesha bado ni nadra. Ila nadra maana yake si kwamba hakuna, na anayetakiwa kuiona mapema ni mtu wa hospitali ya wilaya anayeshika slaidi saa nane usiku.

"Tutaandika taarifa kwa mratibu wa malaria," akasema Mzee. "Lakini jibu lenyewe linataka kipimo cha vinasaba, PCR. Na hata mashine ikiletwa hapa kesho, nani kati yetu ataisoma?"

Hakusema kwa kunikatisha tamaa. Alikuwa anauliza kweli. Nimeanzisha daftari la kando, la kila slaidi isiyokubaliana na kipimo cha haraka: tarehe, toleo la kipimo, idadi ya vimelea. Bila majina.

Jumapili, 14 Julai

Nimekwenda kumsalimia mama. Baada ya chai nikamwambia nataka kurudi chuo, hata kwa kuuza kiwanja chetu, kuiongeza stashahada yangu iwe shahada, na ikiwezekana niendelee hadi uzamili.

"Alhamdulillahi," akasema. "Hatimaye utakuwa daktari."

"Hapana mama. Maabara hiyo hiyo."

Akanitazama kwa muda. "Mwanangu, uuze kiwanja, uwaache watoto na baba yao, halafu urudi kwenye chumba kile kile cha nyuma? Kama ni kusoma tena, si usome udaktari watu wakujue?"

Simlaumu. Mgonjwa anamjua aliyemwandikia dawa. Aliyekaa na damu yake nusu saa hamjui. Wengi wa wenzangu tuliomaliza nao wanaosema "najiendeleza" wanamaanisha wanahama maabara, na kila mtu ana sababu zake. Mimi sitaki kuhama, na nilitaka mama anielewe kwa hilo kuliko kwa lolote jingine.

Nilimsimulia habari za Faith Osier, Mkenya aliyesomea udaktari Nairobi, akatibu watoto, kisha akageukia maabara Kilifi kutafuta jinsi mwili unavyojikinga na malaria. Yeye alitoka kwenye kitanda cha mgonjwa akaenda kwenye kinga za mwili, na hakuna anayesema alishuka cheo. Nikamsimulia na habari za Tu Youyou wa Uchina, aliyepata Nobel mwaka 2015 kwa kazi iliyotupa artemisinin, ambaye hakuwa daktari wa hospitali wala hakuwa na shahada ya uzamivu. Alisomea famasia. Mtoto wa juzi amepona kwa dawa iliyotokana na kazi ya mama huyo.

Mama akauliza, "Na huyo mtoto wa juzi, ungekuwa daktari ungemwonaje?"

"Ningeletewa majibu kutoka maabara."

Akanyamaza. Wakati wa kuondoka akanipa nazi na akasema nimsalimie baba watoto, tutazungumza.

Ijumaa, 19 Julai

Dirisha la udahili limefunguliwa. Nimekaa na simu na vyeti mezani. Kwa anayepitia stashahada wanataka wastani wa alama 3.0 na kuendelea, pamoja na ufaulu wa kidato cha nne katika biolojia, kemia, fizikia, hisabati na Kiingereza. Ninavyo. Fizikia nusura iniponyoke, lakini D ni ufaulu, na leo nimemshukuru mwalimu wetu wa fizikia aliyekuwa akitubakiza darasani hadi jua linazama.

Nimechagua Sayansi ya Maabara za Tiba, Muhimbili kwanza, Moshi pili, Bugando tatu.

Fedha ndiyo mlima. Mkopo wa Bodi ya Mikopo hautolewi kwa mwenye ajira rasmi, kwa hiyo mimi ninayelipwa mshahara kila mwezi sihesabiwi mhitaji, ingawa mshahara huo ukishatoa ada haubaki wa kulisha nyumba. Tumepiga hesabu na baba watoto hadi usiku: akiba ya SACCOS, kiwanja cha barabarani, na yeye kuchukua zamu za ziada. Alichosema ni hiki tu: "Kiwanja tutanunua kingine."

Jumamosi, 27 Julai

Nimekwenda Amani, kwenye kituo cha utafiti. Nilitaka kufika kwa miguu yangu kabla sijaamua kuwa utafiti ni wa watu wa mbali. Gari linapanda Usambara Mashariki polepole, joto la Muheza linabaki chini, na huko juu ukungu unashuka hadi kwenye majani ya chai.

Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti hapa mwaka 1902, wakapanda miti ya kila aina, ukiwemo mti wa kwinini. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walihamishia hapa kitengo chao cha malaria cha Afrika Mashariki. Ilipoundwa taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, kwa sheria ya mwaka 1979, Amani ikawa chini yake, na mkurugenzi mkuu wa kwanza alikuwa Wen Kilama, Mtanzania, mtu wa malaria hasa.

Nilizungumza na mzee mmoja ambaye marehemu baba yake alifanya kazi na watafiti miaka ya 1950, wakati wa mpango wa kupuliza dawa ya mbu Pare na Taveta. Kazi yake ilikuwa kukaa usiku kucha miguu wazi, na tochi na kijichupa, amdake mbu kabla hajamuuma. Kulipokucha aliwapanga. Mzee huyo anasema baba yake alikuwa akimtambua Anopheles gambiae na funestus kwa jicho tupu, na mabwana wakibishana humwita yeye aamue.

"Alisoma?" nikauliza.

"Darasa la nne."

Hili limeniuma kuliko nilivyotarajia. Mtu aliyejua vile aliachwa ajibu maswali ya wengine maisha yake yote. Yake mwenyewe, ambayo bila shaka alikuwa nayo, hakuna aliyempa njia ya kuyafuata. Mimi nina daftari, nina mikono iliyozoea, na mlango uko wazi kwangu kuliko ulivyokuwa kwake. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza kiwanja, na mara hii bila uzito.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, lakini maabara haina sikukuu. Slaidi nyingine imekataana na kipimo; safari hii ni vimelea vichache, jibu jepesi, si la kuhangaikia. Nimeiandika hata hivyo.

Jumanne, 20 Agosti

Nimesoma kuhusu utafiti wa mikoa 13 uliofanyika nchini mwaka 2021. Kagera walikuta vimelea wenye badiliko la jeni liitwalo R561H, lile lile lililoonekana Rwanda, linaloifanya artemisinin iwaue polepole. Vimelea vya Kagera na vya mgonjwa wetu havifanani kwa tatizo, lakini vinafanana kwa namna ya kugunduliwa: tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, likasafiri, mtu akasoma vinasaba vyake. Ndiyo kazi ninayoitaka. Niikusanye damu kwa kibali cha maadili na ridhaa ya mzazi, niisome, na jibu lirudi wilayani lilikotoka, si liishie kwenye jarida tu.

Barua ya ruhusa ya masomo bado haijajibiwa. Ofisi moja inanielekeza nyingine. Nimeacha nakala kote huko, na saini ya kupokelewa nimeidai kila mahali.

Jumapili, 8 Septemba

Nimechaguliwa Muhimbili. Nilithibitisha siku ile ile kabla bando halijaisha. Mama amelia kwenye simu, kisha akauliza kama Dar kuna mtu wa kwetu wa kunipokea. Hajasema neno udaktari tena, ila amesema jirani akimuuliza atamwambia binti yake anasomea "kuwasoma wadudu wa malaria", na hilo limenitosha kabisa.

Ruhusa imetoka Ijumaa, bila malipo ya ada, na mshahara utaendelea. Tutabana.

Yupo kijana mpya wa stashahada, ameripoti mwezi uliopita. Mikono yake ni mizuri lakini anakimbilia kipimo cha haraka na kuiona slaidi ni kazi ya zamani. Wiki hii nimekaa naye kila jioni: namficha matokeo yangu, anahesabu, kisha tunalinganisha. Siku za kwanza tulipishana sana. Jana mimi nilipata 112, yeye 108.

Kesho nampeleka kwa Mzee, na daftari la majibu yasiyolingana litakuwa mikononi mwa kijana huyo. Nimemwomba kila mwisho wa mwezi anipigie picha kurasa mpya. Nimemwahidi kuwa nikikwama na jambo chuoni nitamuuliza, na yeye akikwama aniulize hata saa nane za usiku.

Jumatatu ijayo tunakwenda kwa wakili kusaini mauzo ya kiwanja.