Kipimo na Kipimwacho

Pishi ni chombo cha haki kwa sababu haina macho. Haimjui tajiri wala maskini. Mchele wa bondeni na mchele wa mlimani hupimwa kwayo sawasawa. Lakini haki ya pishi ina mpaka wake. Yaweza kusema kama mavuno ni mengi au ni haba. Haiwezi kusema kama shamba lilikuwa na rutuba au changarawe, kama mvua ilinyesha kwa wakati wake au ilichelewa, wala kama mkulima alilima kwa jembe lake mwenyewe au kwa jembe la kuazima. Mtu atazamaye pishi akadhani amekwisha kumjua mkulima hakukosea kuhesabu, amekosea kuhukumu. Kosa la namna hii hutendwa juu ya mavuno ya akili pia, na nchi ya Marekani, ambako vijana wengi hupimwa kwa mtihani mmoja uitwao SAT kabla ya kuingia vyuo vikuu, ina historia ndefu ya kosa hilo na ya juhudi za kulisahihisha.

Mwaka 1900 wakuu wa vyuo na shule kadha za Marekani waliunda chama cha mitihani kijulikanacho mpaka leo kwa jina la College Board. Kabla ya hapo vyuo vilikuwa na mitihani mbalimbali, na mwalimu wa sekondari aliyekuwa na wanafunzi waliotaka kwenda vyuo vitano alilazimika kuwaandaa kwa njia tano. Mtihani wa pamoja wa kwanza ulifanywa Juni 1901, ukawa na watahiniwa 973. Uliuliza yaliyofundishwa: Kilatini, Kiyunani, historia, hisabati na mengineyo. Ulikuwa mtihani mzuri kwa waliofundishwa. Kijana ambaye shule yake haikuwa na mwalimu wa Kilatini alikuwa ameshindwa kabla ya kushika kalamu.

Basi wakatokea watu waliotamani kipimo kingine, kipimo kisichouliza mtu amefundishwa nini, bali kiulize ana akili kiasi gani. Tarehe 23 Juni 1926 watahiniwa 8,040 waliketi kufanya SAT ya kwanza. Maswali yalikuwa 315, na muda dakika 97. Aliyeongoza kazi ya kuutunga alikuwa Carl Brigham, mwalimu wa saikolojia katika chuo cha Princeton, na mfano wake ulitoka katika mitihani waliyopewa askari wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1923 Brigham alikuwa ameandika kitabu kilichodai kuwa mitihani ile ya askari ilionyesha daraja za akili za makabila ya watu. Mwaka 1930 aliyakana madai yake hadharani, akasema hayakuwa na msingi. Aligundua kuwa alama za mtihani zina mchanganyiko wa lugha aliyolelewa nayo mtu, shule aliyosoma, na mazoea ya nyumbani kwao. Mtungaji alikwisha kuona mpaka wa chombo chake. Waliokipokea mikononi mwake hawakuuona upesi kama yeye.

Si kwamba waliopokea walikuwa na nia mbaya. James Bryant Conant, aliyekuwa mkuu wa Harvard, aliutumia mtihani huu tangu mwaka 1934 kuchagua vijana wa kupewa msaada wa masomo, wengi wao wakiwa watoto wa miji ya mbali ambao baba zao hawakujulikana katika majumba ya wakubwa. Mwaka 1947 likaundwa shirika la Educational Testing Service kusimamia kazi hiyo. Kwa vijana wale mtihani ulikuwa mlango katika ukuta uliokuwa hauna mlango. Sifa hiyo ni ya haki, wala haifai kufichwa na mtu atakaye kuulaumu mtihani.

Walakini alama zilipokusanywa mwaka baada ya mwaka, zilianza kusema habari nyingine. Watahiniwa huulizwa pia maswali kuhusu nafsi zao: wamesoma masomo gani, kwa miaka mingapi, wazazi wao wamefika wapi katika elimu, na wao wenyewe wanakusudia nini. Majibu hayo yakiwekwa kando ya alama, hupangika kama ngazi. Waliosoma hisabati mpaka kufikia kalkulasi hupata alama za juu za hisabati kuliko walioishia katika aljebra. Wanaokusudia kufika shahada ya udaktari wa falsafa, kwa wastani, huwapita wanaokusudia shahada ya kwanza peke yake. Wanaotaka kusomea hisabati na sayansi za maumbile huongoza katika hesabu. Wanaotaka kusomea fasihi huwa na nguvu katika lugha.

Mwenye haraka akiiona ngazi hii husema: wafundisheni wote kalkulasi, na wote watapanda. Mwenye haraka nyingine husema kinyume: wenye akili ndio wachaguao kalkulasi, na somo lenyewe halikuongeza kitu. Kila mmoja ameshika upande mmoja wa kitambaa. Somo humkuza mwanafunzi, na mwanafunzi aliyekwisha kukua ndiye aruhusiwaye kulisoma. Juu ya hayo, ziko shule ambazo somo hilo halifundishwi kabisa. Katika shule kama hiyo kijana hakulikataa somo, wala somo halikumkataa, hawakupata kukutana. Alama yake ikiwekwa katika safu moja na ya mwenziwe aliyefundishwa, tarakimu zitasema kweli, na mtu atakayezisoma bila kuuliza atatoka na uongo.

Makusudi nayo yana siri yake. Kijana wa miaka kumi na saba hutaja kazi aitakayo kwa kadiri ya kazi alizoziona. Mtoto wa tabibu hutaja utabibu kama mtu anayetaja chumba cha pili cha nyumba yao. Mtoto wa mchimba makaa hulitaja neno hilo hilo kwa sauti ya chini, au halitaji. Kwa hiyo kusudi ni tamaa, tena ni ramani ya mahali mtu alipozaliwa. Miaka mingi wanaotaja ualimu wameonekana kuwa na wastani wa chini kuliko wanaotaja uhandisi, na wako waliotumia habari hiyo kuwadharau walimu. Dharau hiyo haina hoja. Wengi watajao ualimu katika umri huo huishia katika kazi nyingine, na wengi waliopo mbele ya ubao leo hawakuutaja. Karatasi ile ilipima wenye ndoto ya ualimu, haikuwapima walimu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa jimbo la Colorado. Mwaka 2017 wahitimu waliofanya SAT katika jimbo hilo walikuwa kama 11 katika kila 100, na wastani wao ulikuwa 1201 katika kipimo chenye kilele cha 1600. Mwaka uliofuata wastani ulikuwa 1025. Je, vijana wa Colorado walipumbaa kwa muda wa miezi kumi na miwili? La. Jimbo lilikuwa limeamua kuwa mtihani huu ufanywe shuleni na wanafunzi wote. Zamani wengi wa waliofanya SAT huko walikuwa wachache wenye nia ya kwenda vyuo vya mbali na vigumu kuingia. Wenzao walifanya mtihani mwingine uitwao ACT, au hawakufanya wowote. Kikapu cha maembe yaliyochaguliwa hakilingani na mwembe mzima. Hata hivyo, mwaka 1984 Terrel Bell, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Marekani, alitoa jedwali lililoyapanga majimbo kwa wastani wa alama zao, na magazeti yakatangaza washindi na washinde. Majimbo mengi yaliyotukuzwa yalikuwa yale ambayo watoto wachache walifanya mtihani, na mengi yaliyoaibishwa yalikuwa yale ambayo watoto wengi walithubutu.

Taifa zima liliwahi kufadhaika kwa sababu iliyo jamaa ya hii. Mwaka 1963 wastani wa lugha ulikuwa 478 na wa hisabati 502. Mwaka 1980 ulikuwa umeshuka mpaka 424 na 466. Watu walilia kuwa elimu imekufa. Tume iliyoongozwa na Willard Wirtz ikachunguza, ikatoa taarifa yake mwaka 1977. Ilisema kuwa mpaka kiasi cha mwaka 1970 sehemu kubwa ya anguko ilitokana na kubadilika kwa watahiniwa: mlango wa vyuo ulikuwa umepanuliwa, wakaingia watoto wa watu ambao zamani hawakuota kubisha hodi. Lakini tume haikutumia habari hiyo kama blanketi la kufunika kila kitu. Ilisema pia kuwa baada ya hapo sababu hiyo ilipungua, na kwamba anguko lililobaki lilitaka maelezo mengine, ndani ya shule na nje yake. Huo ndio uchunguzi wa haki: haumshitaki mgeni kwa kila chombo kilichovunjika, wala haukatai kuwa kipo kilichovunjika.

Wastani una hila nyingine inayoweza kumpotosha hata mwenye nia njema. Chukua darasa la watoto kumi. Tisa wametoka katika nyumba za vitabu, kila mmoja ana alama 60. Mmoja ametoka katika nyumba isiyo na kitabu, ana alama 40. Wastani wa darasa ni 58. Miaka ikapita, mlango ukapanuliwa. Sasa sita wametoka katika nyumba za vitabu, na kila mmoja ana 64. Wanne wametoka katika zile nyumba nyingine, na kila mmoja ana 49. Kundi la kwanza limepanda kwa alama 4, la pili kwa alama 9, na wastani wa darasa ni 58 vilevile. Asomaye wastani peke yake atasema miaka yote ile ilikuwa ya bure. Jambo hili si kitendawili cha darasani tu. Mwaka 1981 wastani wa lugha wa SAT, kwa kipimo kilichorekebishwa baadaye, ulikuwa karibu 504. Mwaka 2002 ulikuwa 504. Katika muda huo kila kundi la watu lililohesabiwa, weusi na weupe na wengineo, lilikuwa limepanda. Kazi ya maelfu ya walimu ilifichwa na tarakimu moja iliyokataa kusogea.

Nyuma ya masomo na nyuma ya makusudi imesimama mali. Swali moja la zamani limebaki maarufu: lilimtaka mtahiniwa atambue kuwa mpiga makasia kwa regata ni kama mkimbiaji kwa marathoni. Mtoto aliyeona mashindano ya mashua za matajiri alijibu kwa kumbukumbu. Mwenziwe alijibu kwa bahati. Maswali ya namna ile yaliondolewa mwaka 2005, lakini ngazi ya mali haikuondoka pamoja nayo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023 na wanauchumi wa Opportunity Insights ulionyesha kuwa watoto wa asilimia moja ya juu kabisa ya matajiri wana nafasi mara 13 kuliko watoto wa maskini kupata alama 1300 au zaidi.

Kwa kuona hayo, wengi walisema kipimo kivunjwe. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga vyumba vya mitihani, vyuo vingi viliacha kudai alama, na Chuo Kikuu cha California kikaamua kuachana nazo. Lakini mwaka 2022 chuo cha MIT kilizirudisha, na mwaka 2024 Dartmouth kikafanya vivyo hivyo. Sababu ya Dartmouth inastahili kufikiriwa. Wachunguzi wake waligundua kuwa baadhi ya vijana wa nyumba duni walikuwa wakificha alama zao kwa kudhani ni za chini mno, hali alama hizo zingewasaidia. Chuo kilikuwa tayari kuzisoma kando ya shule walikotoka: alama isiyotosha kumpendeza mtoto wa shule ya fahari ilikuwa ushahidi mkubwa kwa mtoto ambaye katika shule yake hakuna aliyepata kuifikia. Kijana alijihukumu kwa wastani wa watu wengine, akaitupa barua ya sifa akidhani ni hati ya mashitaka.

Hapo ndipo ubaya ulipo, na ni ubaya unaoumiza kuliko pengo la tarakimu. Mtihani ukisomwa vibaya na wakubwa, mtoto hukosa nafasi. Ukisomwa vibaya na mtoto mwenyewe, hukosa moyo, na aliyekosa moyo haendi kuiomba nafasi hata ikiwa wazi. Kuvunja kipimo hakuongezi rutuba katika shamba lolote. Mwenye shamba zuri ana njia nyingine za kuonyesha mavuno yake: barua za walimu mashuhuri, safari, insha zilizosahihishwa na mikono ya kulipwa. Mwenye shamba baya mara nyingine ana karatasi ile moja tu.

Basi alama ina haki ya kuulizwa maswali kabla ya kuaminiwa, kama shahidi yeyote. Imetoka katika shule gani? Masomo gani yalifundishwa humo, na yapi hayakupata mwalimu? Wangapi walifanya mtihani, na wangapi walibaki nje? Mwenye alama hii alikusudia kwenda wapi, na ni nani aliyemwonyesha kuwa mahali hapo pako? Maswali hayo huchukua muda, na watu wenye makaratasi mengi mezani hawapendi kupoteza muda. Lakini kijana aliyeutoa mwaka mzima wa maisha yake kwa asubuhi moja ya mtihani anastahili walau dakika chache za mtu atakayemhukumu.