Gusa Kisha Achia

Bibi yangu wa Ujiji ameanika dagaa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi, na ngozi ya vidole vyake imekauka ikawa ngumu. Mwaka jana nilimpelekea simu ya kioo yenye programu ya fedha niliyoshiriki kuibuni, nikijigamba kwamba imeandikwa kwa Kiswahili fasaha.

Kioo kiliandika: "Gusa." Akagusa, hakikuhisi. Vioo hivi huhisi umeme mdogo kupitia ngozi, na ngozi kavu huupitisha kwa shida. Akakandamiza na kushikilia; simu ikamfungulia orodha asiyoiomba. Kisha ikaandika: "Telezesha." Akaondoa mkono.

"Mjukuu wangu," akasema, "kuteleza ni kuanguka. Nani huteleza kwa kupenda?"

Neno lililomtuliza ni "Ghairi." Wenzangu kazini waliliona la kizamani, yeye alilijua tangu utotoni, kwamba mtu aweza kubadili nia bila kuaibika. Ujiji, kituo cha misafara iliyotoka pwani katika karne ya 19, ina Kiswahili kikongwe kuliko programu zetu.

Jioni nikafahamu lililonichoma zaidi. Namba yake ya siri aliijua kijana wa jirani aliyekuwa akimtolea fedha. Kijana hakuwa mwizi. Lakini bibi hakujua salio lake ila kwa kuambiwa, na alipotaka kumtumia dada yake chochote, ilibidi amweleze kijana kwa nini.

Nilirudi kazini. Tulikuza vitufe na kuvitenganisha, tukaandika neno chini ya kila picha, tukaondoa muda uliokuwa ukimfungia nje kabla hajamaliza kusoma. Mahali pa "Telezesha" tukaweka kitufe cha "Endelea." Mahali pa "Gusa" tukaandika "Gusa kisha achia," maana kitenzi kimoja hakikukiambia kidole kiondoke lini. Sisi tunaopima mizani ya shairi twajua jinsi neno moja linavyoweza kuupotosha ubeti mzima. Nilikuwa sijalipima neno kwa kidole cha mzee.

Nilipomtembelea tena, tulikaa barazani. Aliniomba nigeuze uso. Nikageukia ziwa, nikasikia kimya kirefu, kisha akacheka kidogo. Alikuwa amebadili namba yake ya siri, peke yake. Hadi leo siijui.