Platini Iliyolala na Safari ya Kutoka Bute

Wasee, leo tuongee platini. Ndiyo, ile metali ghali ya pete.

Mwaka 1965, Barnett Rosenberg alikuwa Marekani akipitisha umeme kwenye maji yenye bakteria. Wakaacha kugawanyika, wakarefuka tu kama tambi. Kumbe si umeme, ni platini iliyomeguka kutoka kwa vile vyuma. Ndivyo tulivyopata sisplatini, dawa ya kemo iliyoidhinishwa huko 1978. Hadi leo inatibu saratani ya korodani, ovari, mlango wa kizazi na mapafu.

Shida ni kwamba haichagui. Inashika DNA ya seli ya saratani isiweze kujigawa, lakini inapita ikipiga figo, masikio na neva pia. Ndiyo maana mgonjwa hutundikiwa dripu za maji mengi.

Sasa fikiria unatoka Bute. Kituo cha saratani cha kanda kiko Garissa. Ushuke kwanza hadi Wajir, halafu zaidi ya kilomita 300 nyingine. Eddo, dada ya baba, alikuwa anarudi akitapika ndani ya basi. Wiki tatu zikiisha, anapanda tena. Walahi, kilichomchosha zaidi ni barabara.

Kuna wanasayansi wanaotengeneza platini iliyolala, wanaiita prodragi. Sisplatini ina mikono minne. Hii ina sita. Ile miwili ya ziada ni kama kufuli. Ikiingia kwenye seli, kemikali za humo zinaivua ile miwili, dawa inaamka. Unaweza hata kuifunga kwenye mikono hiyo kitu kinachopendwa na uvimbe, ili iende huko zaidi.

Na kwa sababu imetulia, inaweza kumezwa. Satraplatini ilikuwa kidonge. Ilichelewesha saratani ya tezi dume, lakini haikuwaongezea wagonjwa maisha, ikakwama bila kuidhinishwa. Kazi bado inaendelea.

Watu husema haya ni mambo ya maabara za Ulaya. Mimi nasema ni yetu kwanza. Anayeishi karibu na hospitali, kidonge kitampunguzia usumbufu. Wa Bute, kitampunguzia safari nzima.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sitaitengeneza. Lakini wewe uliye mwaka wa pili wa famasia, mtoto wa kaunti hizi, mhadhiri akisema "kulenga uvimbe", muulize: na umbali je, nani anaulenga?

Na kama uko kwa matibabu sasa, usiache dripu ukingoja kidonge. Panda basi.